Meno Thelathini ya Roketi Iliyofichwa

Naomi, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu karakanani, aliniambia wiki ile niliyostaafu: "Maman Béa, utuandikie hii mambo. Ukienda na yote ku kichwa, siye tutauliza nani?"

Nikamjibu kwamba nitaandika, ila kwa masharti yangu. Sitasema nilipandishwa cheo lini, kwa kuwa habari hiyo ilinichosha hata ilipokuwa mpya. Na nitaandika kwa Kiswahili. Miaka yote nimeandika ripoti kwa Kifaransa, na ripoti hazijui kucheka. Naomi ni mtu wa Goma, mwenzake Baraka ni wa Mwanza, mimi ni wa Likasi. Tukikaa mezani kula, kila mmoja anaamini kwamba wenzake wawili ndio wanaoharibu lugha. Hapa nimejitahidi kuandika kama masista walivyotufundisha shuleni, ili Baraka asipate kazi ya kusahihisha.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kutengeneza modeli, yaani mifano midogo ya mashine kubwa, kwa ajili ya jumba moja la makumbusho hapa Brussels. Mgeni huingia, hutazama, husema "tiens", kama asemaye "kumbe", kisha huenda kunywa kahawa. Kwa ajili ya hiyo "tiens" moja, mtu anaweza kupiga msasa majira yote ya baridi.

Sikuzaliwa fundi wa roketi. Kule Lubumbashi nilikuwa fundi wa meno ya bandia. Nilipofika Brussels mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, cheti changu kilisomwa, kikasifiwa kwa uzuri wa mihuri yake, kikarudishwa. Nikawa nakunja mashuka katika hospitali kule Jette, mpaka mama mmoja wa kanisani kwetu akaniambia kwamba kuna makumbusho wanatafuta mtu mwenye mkono mwepesi. Nikaenda na visu vyangu vya kuchongea nta vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa cha jikoni.

Mkuu wa karakana aliitwa Roger, mtu wa Namur, mrefu, mwenye masharubu mazito na koti la kazi la bluu ambalo sijapata kuona limefuliwa wala limechafuka. Hakuniuliza nilisoma wapi. Alinipa donge la nta na picha ya sehemu ya chini ya injini ya roketi, ile inayofanana na kengele, ambapo moto hutokea. Akasema nimchongee moja. Nikawasha taa ya spiriti, nikapasha kisu, nikachonga. Alipoichukua aliigeuza mara nyingi kwenye mwanga wa dirisha.

"Madame," akasema, "hili ni jino."

"Bon, monsieur. Nitafutie mdomo niliweke."

Hakucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba Roger hucheka kwa masharubu tu: upande wa kushoto hupanda kidogo, basi. Siku ile sikujua, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimekosa kazi kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Wiki iliyofuata akaniita nianze.

Nilimpigia simu dada yangu Chantal kule nyumbani kumpa habari.

"Na kazi yenyewe ni ya nini?" akauliza.

"Kutengeneza fusée," nikasema. Ndivyo sisi Wakongo tunavyoita roketi.

"Tangu lini muntu anatoka ku meno anaingia ku fusée? Ni ya vita?"

"Hapana, ni ya kuangalia tu. Haziruke."

"Alors, fusée yenye hairuke ni ya kazi gani?"

Naweza kusema niliendelea kulitafutia jibu swali hilo mpaka nilipostaafu.

Roger alinifundisha kwa kunyamaza. Alikuwa na sheria moja aliyoisema kwa sauti: jicho kwanza, kipimo baadaye. Alitaka nitazame picha mpaka nichoke kabla sijagusa chombo, kwa sababu anayeanza kupima kabla ya kuona hupata namba sahihi za kitu kisicho sahihi. Zana zangu za meno alizicheka mwanzoni, kwa masharubu, lakini mwezi haukuisha kabla hajaanza kuziazima. Kisu kimoja cha kuchongea magego sikukipata tena mpaka alipostaafu, na hata hivyo ilinibidi nifungue droo yake mwenyewe.

Mapenzi ya Roger yalikuwa Saturn V, roketi ya Wamarekani iliyowapeleka watu mwezini. Modeli yake ilisimama katika ukumbi wetu, ndefu kuliko watu wawili waliobebana, na pembeni yake mnara wa kurushia, wa vyuma vyembamba kama nyuzi, alioujenga kwa mikono yake. Alikuwa mvulana mwaka ule watu walipotua mwezini. Alikesha na baba yake katika mkahawa wa jirani mwenye televisheni, na nadhani tangu alfajiri ile hakurudi duniani moja kwa moja. Angeweza kukueleza jinsi injini tano za chini zilivyobeba jengo lenye urefu wa zaidi ya mita mia, na jinsi roketi hiyo haikumwua msafiri hata mmoja. Aliyasema hayo kwa kiburi hata ungedhani yeye ndiye aliyetia mafuta.

Kati ya kazi ngumu za miaka ya mwanzo, moja inanijia mara nyingi. Tuliletewa kipande cha chuma kilichopinda, chenye kutu, cha roketi ya V-2 ya Wajerumani wa wakati wa vita. Wengi husahau kwamba mashindano ya kwenda mwezini yalianzia hapo: vita vilipokwisha, Wamarekani waliwachukua wataalamu waliotengeneza V-2, na Warusi nao wakachukua mabaki na watu wao, kila upande ukaanza kunakili. Na roketi hizo hazikuwa hadithi kwa Ubelgiji. Ziliangukia Antwerp, ziliangukia Liège. Nilipewa kusafisha kile kipande. Nilikuwa nimeandaa brashi na mafuta wakati mkurugenzi wetu Hilde, mwanamke wa Kiflemi asiye na maneno mengi, alipomleta mama mmoja mzee wa Antwerp aliyeomba kukiona. Yule mama alikitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nitaking'arisha.

"Ndiyo kazi niliyopewa, madame."

"Usiking'arishe," akasema. "Ilipotuangukia haikuwa inang'aa."

Nilimtazama Hilde, Hilde akaitikia kwa kichwa. Nikakiacha na kutu yake. Kiko hivyo hadi leo, na Naomi, tafadhali, asije mtu akakuletea brashi.

Anatoli aliingia maishani mwetu kama mgeni wa kawaida. Alikuwa mzee mfupi, mwenye koti la mvua hata siku za jua, na alikuja kila Jumatano kusimama mbele ya Saturn na kukohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha mafua, kilikuwa cha maoni. Baada ya wiki kadhaa Roger hakuweza kuvumilia, akatoka karakanani.

"Monsieur ana tatizo na modeli yangu?"

"Modeli ni nzuri," Anatoli akasema kwa Kifaransa chake kilichokwaruza. "Lakini peke yake inaonekana kama ilikuwa inashindana na ukuta."

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba alitoka mji mmoja kando ya mto Volga, kwamba alimfuata binti yake aliyeolewa hapa, na kwamba ujana wake ulipita katika kiwanda kilichotengeneza injini za N1. Roketi hiyo ya Warusi ilikusudiwa kuwapeleka watu wao mwezini. Ilipong'oka ardhini ilisukuma kwa nguvu kuliko hata Saturn. Ilirushwa mara nne, mara zote nne haikufika angani. Ya pili, mwezi Julai, wakati Wamarekani wanajiandaa kwa safari yao kubwa, ilipanda kidogo ikarudi ikaangukia palepale iliposimama, ikateketeza uwanja. Kisha serikali yao ikaifuta, ikaamuru mabaki yateketezwe, na kwa miaka mingi ikasema kwamba haikuwahi kushindana na mtu yeyote kwenda mwezini.

Hilde alimkaribisha Anatoli awe mfanyakazi wa kujitolea. Sijui kama alijua anachofanya. Tangu siku hiyo karakana ikawa na mataifa makubwa mawili na mimi katikati, kama Kongo.

"Yangu ilikuwa na nguvu zaidi," Anatoli angesema akimimina chai.

"Yangu ilifika," Roger angejibu bila kuinua kichwa.

"Sputnik ilikuwa ya nani? Mtu wa kwanza angani alikuwa wa nani?"

"Aliyeongoza nusu ya njia hapewi kombe."

Siku moja niliwaambia kwamba hata kwetu Katanga, enzi ilipoitwa Shaba, walikuja Wajerumani fulani kurusha roketi zao. Mbili za kwanza zikapaa, ya tatu ikaanguka mkubwa wa nchi akiwa anatazama. Hawakuniamini. Walinitazama wote wawili kwa huruma, kama mtu aliyejialika kwenye mashindano ya wakubwa. "Ni kweli kabisa," nikasema. "Msidhani kushindwa ni kwenu peke yenu." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanakubaliana: walikubaliana kwamba natunga.

Mnamo mwaka elfu mbili na nane Hilde alitangaza kwamba tutaandaa maonyesho kwa ajili ya miaka arobaini ya kutua mwezini, na kwamba tutengeneze N1 ya kusimama kando ya Saturn, kwa kipimo kilekile. Roger alinung'unika wiki nzima, kisha akaanza kukusanya picha usiku na mchana. Picha zenyewe zilikuwa chache na zenye ukungu. Tulidhani Anatoli atatuokoa. Akatuambia kwa utulivu kwamba hajawahi kuiona.

"Uliijenga ukiwa umefumba macho?" Roger akauliza.

"Nilijenga pampu za injini. Injini ziliondoka kwa treni. Roketi ilisimama mbali sana, jangwani. Mimi nilijua figo tu, mwili sikuuonyeshwa."

Kwa hiyo alikuwa akitengeneza kitu asichokijua kama sisi, na nadhani ndiyo sababu alisumbua kuliko wote. Kila pembe ya ule mwili, uliokuwa mpana chini na kuchongoka juu, aliishika kama kipofu anayeshika uso.

Mimi nilipewa kengele za chini. Saturn ina tano, hata mtoto anaweza kuzikumbuka. N1 ilikuwa na thelathini: ishirini na nne kwenye duara la nje na sita ndani. Nilichonga moja kwa nta, nikaitengenezea kalibu ya silikoni, nikamimina resini, nikatoa moja moja, nikazisafisha kwa tupa ndogo ya meno. Nilipozipanga mezani kwenye duara lake nilijikuta niko nyumbani kabisa.

"Mnyama wenu amepungukiwa na magego mawili," nikamwambia Anatoli. "Mtu mzima ana thelathini na mbili."

Akahesabu upya kwa kidole, taratibu, kama anayehofia kwamba huenda kweli waliyasahau kiwandani.

Kisha ukaja ugomvi wa gundi. Roger aliamini katika gundi yake ya zamani, inayochukua siku nzima kukauka na inayonuka kama samaki. Anatoli alileta ya kwake, ya haraka. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri, na mwili wa roketi ukabaki mezani katika vipande huku wao wakiacha kusemeshana. Nikawa posta.

"Mwambie monsieur kwamba anakaa kwenye mwanga wangu," Roger aliniambia, Anatoli akiwa umbali wa kuweza kuguswa.

"Mwambie monsieur mwanga si wake," Anatoli akajibu.

Nilichoka. Siku moja, Roger alipotoka kula, nilimuuliza Anatoli kwa nini hasa roketi yao ilihitaji injini nyingi vile. Akanieleza kwamba kwao walikuwepo mabingwa wawili, mmoja wa roketi na mmoja wa injini, waliogombana kuhusu mafuta. Mmoja alitaka mafuta ya taa na oksijeni, mwenzake alitaka mchanganyiko mwingine, wa sumu. Wakanuniana. Yule wa injini akajitenga na kazi, na kazi ikaletwa kwenye kiwanda cha kina Anatoli, ambacho kilizoea injini za ndege na hakikuweza kutengeneza kubwa sana kwa wakati ule.

"Ndiyo maana zikawa ndogo, zikawa nyingi," akamaliza.

"Yaani watu wazima wawili waligombea mafuta, roketi ikaumia."

"Ndiyo."

Nikatazama chupa mbili za gundi mezani. Naye akazitazama. Akasema chai imepoa, akaenda kuchemsha maji ambayo yalikuwa bado yanachemka.

Siku hizo hizo nilimuuliza Anatoli mkewe anaionaje kazi yake hapa. Ludmila nilikuwa nimemwona mara moja tu, akimsubiri Anatoli mlangoni, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani na uso wa hakimu.

"Ludmila hajui," akasema.

"Hajui nini? Kwamba unakuja hapa?"

"Anajua nakuja. Anadhani natengeneza saa za ukutani. Na kule nyumbani anadhani nilitengeneza pampu za maji."

Niliweka tupa chini. Akanieleza akiwa ameinama, kama mtu anayezungumza na resini. Kiwandani waliapishwa wasimwambie mtu, hata mke. Ile Julai roketi ya pili ilipoanguka, habari zilifika kwa minong'ono. Alirudi nyumbani hakuweza kula wala kusema. Akawa anatembea kando ya mto peke yake, anarudi amechelewa, ananuka pombe. Ludmila akafikiri alichoweza kufikiri: kwamba kuna mwanamke, na kwamba mwanamke huyo amemwacha. Alimpa hata jina. Alimwita Galina.

"Na wewe hukukana?"

"Nilikana. Akauliza, basi una nini? Nikawa na njia mbili, nivunje kiapo au niwe mzinzi. Nikawa mzinzi."

"Lakini Anatoli, nchi uliyoiapia ilikwisha zamani. Siri yenyewe iko kwenye vitabu vya watoto."

"Najua." Alipuliza vumbi kwenye kengele aliyokuwa ameshika. "Mwanzoni sikuruhusiwa kusema. Baadaye niliona aibu. Utamwambiaje mtu, sikuwa na Galina, nilikuwa na roketi nne na zote zimeanguka? Galina angalau alikuwa mzuri."

Nilimwambia amlete siku ya ufunguzi. Kwetu, nikamwambia, mwanamke anaweza kusamehe mengi, ila hasamehe kuwa wa mwisho kujua. Akasema ataona. Wanaume wa mataifa yote husema wataona.

Majira ya kuchipua Hilde aliingia karakanani asubuhi moja akabaki amesimama, na Hilde akikataa kiti ujue habari si njema. Chumba tulichoahidiwa kilikuwa kimekatwa. Nusu yake imepewa maonyesho ya mayai ya dinosaria.

"Modeli moja tu itaingia," akasema. "Saturn iko tayari na kila mtu anaijua. Hiyo nyingine haikufika popote. Tutaihifadhi ghalani."

Anatoli alikuwa na kengele mkononi. Aliiweka mezani polepole, akavua miwani, akaifuta. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba kitu chake hakipo hana haraka ya kubisha. Mimi nilifungua mdomo, lakini Roger alinitangulia.

"Basi na yangu iende ghalani."

"Roger, tafadhali. Si wakati wa utani."

"Sitanii. Unataka kuonyesha mbio, madame. Mbio za mtu mmoja zinaitwa matembezi." Aliweka koleo chini. "Mgeni atakuuliza kwa nini Wamarekani walikimbia vile, walitumia vile, walihatarisha watu vile. Utamjibu nini? Kwamba walikuwa na haraka tu? Walikimbia kwa sababu ya huyu." Akaonyesha vile vipande vya N1 mezani. "Mimi nilikesha usiku ule kwa sababu ya huyu, ila sikujua yupo."

Hilde alivitazama vile vipande. Kisha akauliza swali la mkurugenzi. "Na nafasi?"

Roger alitazama kupitia mlango uliokuwa wazi, kule ukumbini. "Toa mnara," akasema. "Mnara ni ngazi tu. Roketi ikishapanda nani anaangalia ngazi?"

Nilijua mnara ule umemgharimu majira mangapi ya baridi. Hilde pia alijua, maana hakumshukuru. Alimgusa begani tu akatoka.

Aliubomoa mwenyewe, akiwa juu ya ngazi, kwa bisibisi ndogo, akakataa nisaidie. Nilikaa benchini nikijifanya napiga msasa. Baada ya muda Anatoli alienda akasimama chini ya ngazi na kunyoosha mikono, na Roger akaanza kumpokeza vipande. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu. Hatimaye Anatoli akavunja ukimya wa wiki nyingi.

"Hapa uliunganisha kwa gundi ipi?"

"Yangu."

"Ndiyo maana inabanduka kirahisi."

Masharubu yakapanda upande wa kushoto. Kesho yake mwili wa N1 uliunganishwa. Nje kwa gundi ya Roger, ndani kwa gundi ya Anatoli, na hadi leo sijui ipi inaishikilia.

Siku ya ufunguzi palikuwa na hotuba, ambazo nimezisahau, na mvinyo mweupe, ambao ninaukumbuka kwa ubaya wake. Anatoli alikuja amevaa suti. Ludmila alikuwa pembeni yake na kitambaa chake cheupe. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alizungumza Kirusi, na baadaye Anatoli alinitafsiria neno kwa neno, hata yale yaliyomuuma.

Alimsimamisha mkewe mbele ya N1 na kumweleza. Nilimwona akiongea bila kumtazama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesema somo. Ludmila hakumkatiza. Alipomaliza, mkewe aliizunguka roketi yote. Akainama, akatazama chini, kwenye zile kengele zangu thelathini. Akainuka.

"Huyu ndiye Galina?"

"Ndiye."

"Mnene," akasema. "Chini hasa." Kisha akageukia Saturn. "Na huyu mwembamba?"

"Huyo ndiye aliyefika."

"Bila shaka." Alikaza fundo la kitambaa chake. "Miaka arobaini nimemchukia mwanamke ambaye hakuwepo. Nilimwona sokoni. Nilimwona kwenye tramu. Kila mwenye nywele nyekundu alikuwa yeye. Unajua inachosha kiasi gani?"

Anatoli akasema anajua. Akasema hajui. Akamwomba radhi. Ludmila alichukua leso kwenye mfuko wa suti ya mumewe, akafuta machozi yake mwenyewe, akairudisha, akaikunja vizuri. Kisha akatoka peke yake kwenda kituo cha tramu.

Msidhani iliishia hapo kwa kukumbatiana. Galina alisamehewa siku ile ile, kwa kuwa hakuwa na kosa. Anatoli ilimchukua muda. Kwa majuma kadhaa alikula mkate na jibini pamoja nasi karakanani kwa sababu nyumbani hakupikiwa. Roger alimletea supu kwenye chupa ya chai akidai mkewe amepika nyingi kupita kiasi, jambo ambalo lilitokea kila siku. Halafu Jumapili moja mlinzi aliniambia kwamba yule mama mrefu amekuja, amesimama mbele ya N1, anawaeleza wageni kwa mikono kitu ambacho hawaelewi. Jumatatu Anatoli alikuja na chakula cha nyumbani, kabichi na nyama. Akakigawa kwa vikombe vitatu.

Roger alistaafu baada ya maonyesho hayo, ingawa kustaafu kwake kulikuwa kuja bila koti la bluu. Na roketi hazikutuacha. Zile injini za mwisho za N1, zilizoamriwa ziteketezwe, watu wa kiwanda walikuwa wamezificha ghalani badala ya kuziharibu. Miaka mingi baadaye Wamarekani walizinunua, na mwaka elfu mbili na kumi na tatu zilirusha roketi yao ya mizigo kwenda kituo cha angani. Anatoli alikuja na keki. Alikata kipande kikubwa akampa Roger.

"Mmefika mbinguni mkiwa mgongoni kwetu," akasema.

Roger alikula keki yote, na nadhani lilikuwa jibu lake.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Oktoba, nilisikia redioni nikiwa nakwenda kazini kwamba roketi nyingine ya aina hiyo imelipuka sekunde chache baada ya kung'oka. Hapakuwa na mtu ndani yake, na hakuna aliyeumia. Nilipofika nilimkuta Anatoli ameketi benchini na koti lake la mvua bado mwilini. Redioni walikuwa wanasema huenda ni pampu ya injini. Alikuwa ametandaza mikono yake mezani na anaitazama.

"Béa, pampu," akaniambia. "Labda hii ilipita hapa."

Ndipo mlango ukafunguka, Roger akaingia, pumzi zikimpaa, kofia imekaa upande. Alikuwa amesikia akapanda tramu bila kunyoa. Nilijiandaa kwa utani, na nilikuwa tayari kumtoa nje. Lakini alikaa benchini karibu na Anatoli, bega kwa bega.

"Pampu iliyokaa ghalani miaka arobaini," akasema. "Hata wewe na mimi hatungeanza kufanya kazi asubuhi moja hivihivi."

Anatoli aligeuza viganja juu.

"Isitoshe, ilikuwa roketi ya Wamarekani. Ni yangu. Niachie."

"Injini zilikuwa zetu," Anatoli akasema. "Ni yangu."

"Jina lao, bendera yao, uwanja wao. Yangu."

"Kilicholipuka si bendera, Roger. Ni yangu."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akijivutia msiba, kwa sauti ileile ya ukaidi waliyozoea kugombea ushindi. Nikawasha birika. Hilde alipita na makaratasi yake, akawaona wazee wawili wameketi kwenye benchi moja, mmoja bado na koti la mvua, akasimama mlangoni.

"Nimesikia kuna roketi imeanguka," akasema. "Ilikuwa ya nani?"

Walitazamana kidogo.

"Yetu," wakasema wote wawili.